Foronya Zilizoangalia Mlango

"Serah, toka kwenye hicho chumba. Sasa hivi."

"Mum, uko sawa kweli? Nitoke kwa sababu ya mito?"

"Nimesema toka."

"Ni mito ya kulalia, Mum! Mito! Mtu akikusikia atasema umechanganyikiwa."

"Aseme. Chukua koti lako, teremka."

"Siteremki. Ndiyo kwanza nimefika, nina njaa, miguu inaniuma, na hii hoteli uliichagua wewe. Wewe mwenyewe!"

Hapo alinigusa pabaya, kwa sababu ni kweli.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, jua limetoka. Mimi niko kwenye foleni ya samaki, West Green Road, Tottenham, nimebana simu kwa bega na kapu mkononi. Watu wote dukani wananitazama. Muuza samaki, Zulfikar, ananiuliza kwa ishara kama atoe magamba. Simjibu.

Mwanangu yuko Amsterdam, peke yake, ghorofa ya tatu. Na kwenye picha aliyonitumia nusu saa iliyopita, niliyoifungua sasa hivi hapa dukani, nimeona kitu ambacho sijakiona kwa miaka ishirini.

Ngoja nieleze vizuri, maana najua kuna watakaosema huyu mama kichwa chake hakijatulia.

Mimi ni Mkenya. Nina diploma ya mambo ya hoteli, na kabla sijaja London nilifanya kazi ya vyumba miaka sita kwenye hoteli moja ya ufukweni, Watamu. Siku hizi napanga zamu za walezi wa wazee. Ukitaka kunijua waulize hao walezi. Watakwambia yule mama hazunguki, anakupa ukweli ukiwa bado moto.

Serah ndiye mtoto wangu wa pekee. Kazaliwa hapa hapa, ana miaka kumi na tisa. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu anajibu Kiingereza. Humu namwandika kwa Kiswahili ili twende pamoja.

Aliponiambia anataka kwenda Amsterdam siku tatu na rafiki yake Kalpana, wa Rayners Lane, sikumkatalia safari. Nilikataa pa kulala.

Walikuwa wamepata hosteli karibu na stesheni. Chumba kimoja watu kumi, vitanda vya juu na chini, wavulana na wasichana humo humo.

"Hapo utalala nikishazikwa," nikamwambia.

Tulivutana siku nne. Siku ya tano nikakata maneno: hoteli nachagua mimi, au safari hakuna.

Basi nikakaa mezani jikoni jioni tatu mfululizo, kompyuta mbele yangu, nikapekua hoteli za Amsterdam mpaka macho yakawasha. Yale mahoteli makubwa niliyapita. Ukiona moja umeona yote. Nilitaka hoteli ndogo, ya mwenyeji, yenye mtu anayejua jina la mgeni wake.

Wengine wakichagua hoteli huangalia maua dirishani. Mimi naangalia kona za shuka. Naangalia chini ya bomba kama pana kutu. Naangalia pindo la pazia, maana mahali wanapofagia kwa uvivu pazia husema.

Nikaipata.

Nyumba nyembamba ya matofali, imesimama ukingoni mwa mfereji tangu enzi za wafalme. Vyumba tisa tu. Ngazi zimesimama wima kama za kupandia darini. Dirisha refu, chini yake daraja dogo, baiskeli zimeegemezwa kwenye vyuma, na maji yametulia kama chai kwenye kikombe.

Kuzuri, sikatai. Lakini kilichonimaliza ni vitanda.

Shuka zilikuwa zimekunjwa pembeni kwa namna tuliyofundishwa sisi, zimebana, huwezi kupitisha hata kidole. Nikajisemea, hapa kuna mtu anayeijua kazi. Nikaiamini hoteli nzima kwa sababu ya kona za shuka. Mito kwenye picha zile ilikuwa imefunikwa na vimito vya mapambo, sikuiona.

Nikapiga simu.

Alipokea mwenye hoteli, bibi wa miaka kama sabini na tano hivi, mjane, sauti laini. Nilimuuliza maswali yangu yote, akajibu moja moja bila haraka. Akaniambia anaishi hapo hapo chini, karibu na mapokezi, na kuku wa kuchemsha ndiye dawa ya kila kitu. Nilicheka. Tulizungumza nusu saa.

Mwishoni nikafanya jambo ambalo mama yeyote wa kwetu angelifanya.

Nilimkabidhi mtoto.

Sisi ndivyo tulivyo. Mtoto akienda shule ya bweni, unamkabidhi kwa metroni. Akipanda basi la kwenda mbali, unamkabidhi kwa mama yeyote aliyeketi kiti cha jirani, hata jina lake hulijui. Ukiona mvi na kitambaa kichwani, roho inatulia.

Nikamwambia yule bibi, "Wewe ni mama, mimi ni mama. Nakukabidhi binti yangu. Mtazame kama wako."

Akanyamaza kidogo. Nikadhani ameguswa.

Basi, Ijumaa ile asubuhi Kalpana akaamka anatapika. Akasema atafuata kesho yake. Serah akapanda treni peke yake. Mimi, kwa ule uangalifu wangu, nikampigia bibi kumjulisha: binti anakuja peke yake leo, mwenzake mpaka kesho, tafadhali uwe na jicho.

"Usijali," akasema. "Basi nitambadilishia chumba. Nitampa cha nyuma, kimya kabisa."

Nikamshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Sasa ile picha.

Serah alipiga akiwa amesimama mlangoni, kabla hajaingia. Kitanda, dirisha, pazia la kijani kando ya kabati. "Umefurahi sasa?" akaandika chini.

Kazini kwetu kuna sheria moja ndogo. Foronya ina upande uliofungwa na upande ulio wazi, ule tunaouita mdomo. Ukitandika, mdomo unaangalia mbali na mlango, ili mgeni akiingia aone upande uliofungwa, safi. Hata mfanyakazi wa siku ya kwanza anajua.

Kule Watamu tulikuwa na msimamizi wetu, Mzee Shaame, Mpemba, mtu wa maneno machache. Mwaka mmoja mgeni alimfungia mwenzetu chumbani. Wakubwa wakasema hakuna ushahidi, na mgeni ni mgeni. Mzee Shaame hakubishana nao. Alituita kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango, akachukua mto, akaugeuza.

"Mkikuta midomo yote miwili inaangalia mlango," akasema, "chumba hicho mtu asikae peke yake."

Ni hilo tu. Wageni hawakujua, mameneja hawakujua. Sisi tulijua, na tukawa tunaingia wawili wawili.

Na sasa nimesimama kwenye foleni ya samaki, Tottenham, naangalia kitanda kilichobanwa kona kama ngoma, na midomo ya foronya zote mbili inaniangalia mimi usoni.

Mtu anayekunja shuka namna ile hakosei mito.

"Serah," nikasema, nimepunguza sauti, "hapo hotelini umemwona nani?"

"Bibi. Ni mzuri sana, ananiita mpenzi. Na yule mwanamume wa usafi."

"Mwanamume gani?"

"Wa toroli ya mashuka. Mrefu, mweusi. Kapita hapa mara tatu. Amegonga, nikafungua, akatazama ndani nyuma yangu, akaniuliza niko na nani. Nikamwambia niko peke yangu. Akabaki kunikodolea macho. Halafu bibi akamwita chini."

"Funga huo mlango. Usimfungulie."

"Ala! Sasa hivi umesema nitoke, sasa hivi unasema nijifungie. Chagua moja, Mum!"

Nikataka kumjibu, nikasikia kitu kwenye simu. Kama kucha zinazopitishwa juu ya ubao. Polepole. Zikanyamaza. Zikaanza tena.

"Ni nini hicho?"

"Ukutani. Bibi kasema ni mbao tu, nyumba ni ya zamani, inajinyoosha."

Niliacha kapu pale pale juu ya barafu ya samaki, nikatoka nje, nikampigia bibi.

Alipokea haraka. Nikamweleza habari ya yule mwanamume wa toroli, mambo ya mito nikayaacha, ningeonekana mwehu. Akashusha pumzi ndefu.

"Oh, huyo," akasema. "Samahani sana. Kuna mgeni mwingine aliwahi kulalamika kwamba anamtisha. Namtoa leo hii. Mwambie binti yako akae chumbani, asitoke, mimi mwenyewe nampelekea chai."

Nilikaribia kulia. Nikaona, Mungu ana watu wake kila mahali.

Nikamrudia Serah. "Kaa humo humo. Jifungie. Usimfungulie mtu yeyote isipokuwa bibi. Anakuletea chai."

"Haya, asante. Sasa umesema la maana," akasema, akakata.

Nikaenda kituoni kungoja basi. Basi likaja. Watu wakapanda. Nikaweka mguu ndani.

Hapo ndipo swali likanijia.

Nani aliigeuza ile mito?

Bibi wa miaka sabini na tano hapandi ngazi zile kwenda kutandika vitanda tisa. Anayetandika ni mwenye toroli. Kona za shuka ni zake. Basi na mito ni yake.

Na mtu hatangazi ubaya wake mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe.

Dereva akaniuliza, "Unapanda au hupandi?"

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa namsikia bibi. Chumba cha nyuma. Kimya kabisa. Akae chumbani, asitoke.

Na aliyemwambia kwamba mtoto yuko peke yake mpaka kesho ni nani? Ni mimi. Nilipiga simu kwa hiari yangu kumwambia.

Nilirudi chini, mlango wa basi ukajifunga mbele ya pua yangu. Nikapiga simu ya Serah.

Haipokelewi.

Nikapiga tena. Inaita mpaka inakatika.

Mara ya tatu nikabonyeza jina la mtu mwingine. Nikajilaani. Mara ya nne inaita, inaita. Kuna dada alikuwa anauza vifuniko vya simu pale kituoni, akanishika kiwiko akaniuliza kama nina pumzi. Nikamwambia mwanangu, mwanangu, hata sikumaliza.

Mara ya tano ikapokelewa.

"Mum." Ananong'ona. "Yule mwanamume amerudi. Anagonga. Anasema nifungue haraka. Nimwite bibi?"

"Usimwite bibi! Serah, nisikilize. Bibi usimwite. Weka simu sauti ya juu, sogea mlangoni. Usifungue, sogea tu. Nataka anisikie."

Nilipiga kelele hizo kwa Kiswahili, katikati ya Tottenham, kama niko sokoni.

Kugonga kukakoma.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamume, nzito, nyuma ya ubao.

"Mama? Huyo ni mama anaongea Kiswahili?"

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Thadei. Ni Mtanzania. Shikamoo, mama."

Mtu mwenyewe sijui kama ni shetani au malaika, na mimi mdomo ukajijibia wenyewe, "Marahaba." Mazoea haya!

"Hicho kitanda umetandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mito umeigeuza kwa nini?"

Akaja karibu zaidi na mlango. Akashusha sauti.

"Mama, wewe umefanya kazi ya vyumba?"

"Nijibu!"

"Chumba hiki mtu asikae peke yake."

Nikashika nguzo ya kituo. "Nani alikufundisha?"

"Nungwi, Unguja. Nilikuwa mwanafunzi wa kazi. Tulikuwa na msimamizi mzee amerudi kutoka hoteli za Kenya. Mzee Shaame."

"Serah," nikasema. "Fungua."

"Mum, umesema..."

"Najua nilichosema. Nilikosea. Fungua."

Miaka kumi na tisa, mtoto huyo hajawahi kunisikia nikisema nilikosea. Akafungua.

"Siingii," nikamsikia Thadei. "Nasimama hapa nje. Dada, usichukue begi. Vaa viatu, basi. Hilo pazia la kijani, nyuma yake kuna mlango. Unakwenda nyumba ya pili, nayo ni yao. Ufunguo anao mwanawe."

"Mwana wa nani?" nikauliza.

"Wa bibi. Mtu mzima, ana miaka hamsini. Mama, haibi kitu. Anaingia anasimama. Anatazama watu wanavyovaa, wanavyolala. Mwaka jana mgeni mmoja aliamka akamkuta ameketi kitandani, ameshika nywele zake. Bibi anajua. Wageni wakiwa wawili huwapa vyumba vya mbele. Hiki humpa msichana aliye peke yake."

"Na wewe unageuza mito tu? Mdomo huna?"

Maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Nilimwambia mgeni mmoja," akasema. "Akateremka kunishtaki kwa bibi, eti namtisha. Mama, mimi ndiye mwenye funguo za vyumba vyote, na nilivyo hivi. Kati yangu na bibi, nani ataaminiwa? Nikabaki na mito. Nilisema labda siku moja atapita mtu wa kazi yetu."

Robo saa tu kabla ya hapo mimi, Mwafrika mwenzake, nilikuwa nimemshtaki kwa bibi huyo huyo. Sikumjua jina, sikumwona uso. Niliambiwa mrefu, mweusi, nikamalizia mwenyewe.

"Mum." Serah. Sauti imekuwa ndogo, kama alipokuwa na miaka sita. "Mum, pazia limetikisika."

"Toka."

"Pasipoti yangu iko kwa bibi, aliichukua akasema anainakili..."

"Pasipoti huandikwa nyingine. Toka, Serah! Toka!"

Nikasikia viatu kwenye mbao. Moja, mbili, tatu, haraka. Nyuma yake viatu vizito. Nikawa nahesabu ngazi kwa masikio, mimi niliyezisifu zile ngazi kwamba zina haiba ya kizamani.

Kisha nikasikia vikombe vikigongana.

"Unakwenda wapi, mpenzi?" Ile sauti laini. "Nimekuletea chai. Rudi juu."

Ngazi zile ni za mtu mmoja. Anayepanda na anayeshuka hawapishani mpaka mmoja akubali. Nikamsikia Serah anahema. Nikamsikia bibi akisema tena, rudi juu mpenzi, chai itapoa, taratibu kama mtu anayembembeleza mbuzi aingie zizini.

Thadei akasema kwa Kiingereza cha kazini, kile cha heshima, "Bibi, tafadhali, mpishe."

"Wewe huna kazi hapa tena," bibi akajibu. Sauti haikuwa laini.

Juu yao mlango ukafunguka. Nilisikia bawaba.

"Serah," nikasema, sijui hata kama alinisikia. "Pita."

Sinia likaanguka. Vikombe vikapasuka ngazi baada ya ngazi. Kelele, miguu, pumzi, mlango mzito, kisha upepo mkubwa ukajaa kwenye simu. Kengele ya baiskeli.

"Mama," akasema, "nimetoka. Niko nje, kwenye daraja. Mama, nimetoka."

Kwa Kiswahili. Mtoto aliyenijibu Kiingereza tangu aanze shule.

Nikaketi kwenye ukingo wa barabara, miguu kwenye lami, nikalia mbele za watu kama niliyefiwa. Yule dada wa vifuniko vya simu akaja akaketi kando yangu, hakuuliza kitu.

Thadei alimfuata Serah nje, bila hata koti. Wakavuka daraja, wakaingia mgahawa uliojaa watu, wakaketi katikati. Nikamwambia Serah asisogee hapo, asikate simu.

Hapo ndipo simu nyingine ikaingia. Namba ya kule. Bibi.

Nikamweka Serah asubiri, nikapokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikuwa analia.

"Hajawahi kumdhuru mtu," akasema. "Anaumwa. Ameumwa tangu utotoni. Wakija kumchukua atakufa huko watakakompeleka. Pasipoti ya binti yako ninayo hapa, aje aichukue, tuyamalize sisi wawili. Wewe ni mama. Ungekuwa wewe, usingemficha mtoto wako?"

Nawaambia kweli, katika yote ya siku ile, swali hilo ndilo lililonitia hofu kubwa kuliko lile pazia.

Kwa sababu nilijitafuta ndani nikaona naweza. Kwa ajili ya Serah naweza kusema uongo mbele ya hakimu, naweza kumfungia mtu mlango, naweza kumsingizia mfagiaji. Bibi yule hakuwa jini. Alikuwa anafanya ninachofanya mimi kila siku, ila wake alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Wazazi wenzangu mlioko huku ughaibuni, nisikilizeni. Tukiona mvi tunakabidhi watoto. Tukisikia "mimi pia ni mama" tunamwaga kila kitu: yuko peke yake, chumba hiki, mpaka saa hii. Mimi nilimkabidhi binti yangu kwa mama, wala sikujiuliza ni mama wa nani. Moyo wa mama si dhamana kwa mtoto wa mwenzake. Kabla hujamwamini anayepokea simu, mtafute anayetandika vitanda, umsikilize. Na ukiambiwa fulani ni wa kuogopwa, uliza kwanza aliyekwambia anachunga nini.

Bibi alikuwa bado analia, ananingoja.

"Mama," nikamwambia, "kesho kile chumba kina mgeni?"

Akaendelea kulia.

"Nimeuliza. Kesho amepangiwa nani?"

"Msichana," akasema. "Kutoka Ureno."

"Anakuja na nani?"

Akarudia kwamba mwanawe anaumwa.

Nikamkatia. Nikarudi kwa Serah.

"Muulize Thadei kituo cha polisi kiko wapi."

Nikawasikia wakisemezana. "Nyuma ya kanisa," Serah akasema. "Dakika tano. Mama, anasema jina lake tulitaje huko polisi. Anasema atasema yote."

"Basi simameni," nikasema. "Nendeni. Usikate."

Viti vikasogea. Mlango wa mgahawa ukafunguka, nikasikia hatua zao wawili zikianza kwenda, na mimi nikainuka pale barabarani, simu sikioni, nikatembea nao.